Tulihesabiwa familia ya wasioumwa, damu ya mama ikakataa

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Kaeni vizuri, uzi huu ni mrefu kidogo na mimi sina haraka, leo duka limepoa. Ninachosimulia ni changu na cha mama yangu, chumvi sijatia. Mama mwenyewe amenipa ruhusa niandike, kwa sharti moja tu: niwaambie kwamba yeye ni mzuri wa sura. Basi, nimewaambia.

Jambo lenyewe ni hili. Mama yangu nusura akatwe mguu, na kilichomwokoa ni utafiti wa watu WASIOUMWA.

Ndiyo, mmesoma sawasawa.

Kwa msionifahamu, mimi ni mwanamke, nauza spea za pikipiki na za pawatila, yale matrekta ya mkono, pale Mchombe, njia ya kwenda Mlimba. Nyie wa kuja inbox na "dada nimependa uandishi wako", nina mume, na mkono wake ni mzito. Tuendelee.

Kwetu tumezaliwa watatu. Kaka yetu mkubwa Fidelis yuko Dodoma, fundi ujenzi. Mimi ndiye wa katikati. Mdogo wetu Restituta, tunamwita Resti, ameolewa Kidatu. Baba alishatangulia mbele za haki. Mama yuko Katindiuka, pembeni ya mji wa Ifakara, na mpunga wake, kuku wake na redio yake ambayo lazima uipige kibao ndipo iseme.

Sasa tangu tumzike baba, hatujawahi kukaa wote watatu mbele ya mama. Si kwamba tumegombana, hapana. Ni maisha tu. Krismasi huyu anakuja, yule ana mtoto mgonjwa. Pasaka yule anakuja, huyu ana kazi. Fidelis ndiye alikuwa sugu kabisa. Kila mwaka "mwakani mama, Mungu akipenda". Mungu amesingiziwa sana na kaka yangu.

Lakini simu tulikuwa tunapiga, tena sana. Na kila ukipiga ni vile vile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hamjambo?"

"Hatujambo. Wewe mama?"

"Mimi mzima, namshukuru Mungu."

Hapo umemaliza, unarudi kwenye mambo yako moyo mweupe.

Basi siku moja mama ananipigia mwenyewe, sauti iko juu kama amepigiwa kura.

"Funga duka lako, mnatakiwa huku."

Nikashtuka. Nani amekufa?

"Hajafa mtu. Damu zenu zinatakiwa."

Kumbe kulikuwa na watu wa utafiti wamepita mtaani kwao, wanatafuta familia zenye afya, za vizazi vitatu. Bibi au babu, watoto wake, na wajukuu. Wote wasiwe wanaumwa, wasiwe na malaria, wasiwe na vidonda. Wanatoa damu kidogo, wanapimwa urefu na uzito, wanaulizwa maswali, basi.

Nikamuuliza mama, wanatafuta nini kwa mtu asiyeumwa? Akanijibu, "Wanataka kujua tumetengenezwaje. Mimi nimeshawaambia watoto wangu wote wazima, waje wajionee."

Baadaye nesi wao alikuja kunielezea vizuri. Nitamwita Happy, si jina lake. Msichana mpole, anaongea taratibu kama anamlisha mtoto uji.

Happy alisema kila mwili una moto wake mdogo wa ndani, hata mtu akiwa hana ugonjwa wowote. Mwili ukipata kidonda au vijidudu, ini linamwaga protini fulani kwenye damu, na hiyo ndiyo wanayoipima. Wanaiita CRP. Sasa swali lao ni kwamba, kati ya watu ambao hawaumwi, kwa nini mmoja ana kidogo na mwenzake anayo zaidi? Ni vinasaba alivyorithi? Au ni umri, unene, moshi wa kuni, chakula? Ukiwapima bibi, watoto na wajukuu kwa pamoja, unaanza kuona kipi kinatembea na ukoo na kipi mtu amejitafutia mwenyewe.

Mimi nikaelewa kwa lugha ya dukani kwangu. Ni kama injini ikiwa sailensi, imewashwa lakini chombo kimesimama. Kila injini ina mngurumo wake hapo. Kuna za kampuni moja zote zinanguruma chinichini, kuna za kampuni nyingine zote ziko juu kidogo, na hazina ubovu. Ndivyo zilivyotoka kiwandani. Ila ukisikia injini iliyokuwa ya chini imeanza kuunguruma juu ghafla, hapo ujue kuna kitu.

Shikeni hapo, tutaparudia.

Sasa wakuu, muujiza wa kwanza. Fidelis alikuja!

Mtu ambaye Krismasi hakuja, Pasaka hakuja, aliposikia damu yake inatakiwa na wataalamu akapanda basi. Na mke, na watoto, na begi jipya. Alhamisi jioni wote tuko Katindiuka. Resti na wanawe, mimi na wangu, Fidelis na kitambi chake kilichotangulia kuingia mlangoni.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, amevaa kanga mpya. Hakunyanyuka kutupokea. Alinyoosha mikono tu, tukaenda mmoja mmoja kuinama na kukumbatiwa. Alimshika Fidelis mashavu muda mrefu, akasema, "Umezeeka mwanangu." Fidelis akacheka, ila machozi yalimlenga, nilimwona.

Jioni ile tulikula wali na kuku, watoto wakilia wakicheka, redio inapigwa vibao. Mama alikuwa haongei sana. Anatutazama tu, huyu, halafu huyu, halafu huyu. Nikasema moyoni, hata kama utafiti wenyewe ni wa uongo, kwa hili Mungu awabariki.

Halafu ubishi ukaanza. Nani atakutwa na moto mwingi kwenye damu? Wote wakanitaja mimi. Hata watoto wangu wa kuzaa! Mama akasema hasira zangu zimetoka kwa ukoo wa baba, kwamba shangazi zangu wote wa Mahenge walikuwa wakikasirika wanavunja vyungu. Nikamwambia mama, hiyo protini haipimi hasira. Akasema, "Tutaona."

Kuna jambo moja tuliliona sote na hakuna aliyelitilia maanani. Mama alikuwa amevaa soksi.

Soksi nyeusi, ndefu, za baba. Zile alizokuwa anavalia viatu vya kanisani. Na mnajua joto letu sisi watu wa bondeni kabla mvua haijaanguka, shati linakugandia saa tatu asubuhi. Resti alimuuliza, mama akasema, "Namkumbuka baba yenu." Utamjibu nini mama anayemkumbuka mumewe? Tukamwacha na soksi zake.

Ijumaa asubuhi wakaja Happy na mwenzake. Wakatuelezea tena, wakaturidhisha, tukakubali. Kisha maswali, mmoja mmoja.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mama zamu yake ilipofika. Naomba msome hapa polepole.

"Mama, habari za afya?"

"Nzuri, namshukuru Mungu."

"Siku za karibuni umepata homa?"

"Homa nani haimpati mwanangu? Mimi mzima."

"Una maumivu yoyote?"

"Uzee tu."

"Kidonda chochote mwilini?"

"Kidonda cha nini tena? Hatujambo kabisa. Nyie huko mjini hamjambo?"

Yaani wakuu, yule binti alikuwa anafanya mahojiano, mama alikuwa anasalimiana! Na hatukuona ajabu, kwa sababu sote tulijibu hivyo hivyo. Fidelis ana vidonda vya tumbo tangu enzi, aliulizwa akasema "safi tu, fiti". Resti kichwa kilikuwa kinampasuka kwa safari, akasema "hatujambo". Sisi mtu akikuuliza u mzima, unaanza na mzima. Ugonjwa unakuja baadaye, ukishaketi, ukishapewa maji. Mtu anaweza kukuambia habari za nyumbani ni nzuri, ila mtoto amelazwa.

Kwenye mzani Happy alimwomba mama avue soksi. Mama akasema tangu anizae MIMI baridi inamwingilia nyayoni, hawezi kukanyaga chuma. Mimi ndiye niliyesingiziwa. Happy akacheka, akamwacha.

Damu ikachukuliwa. Tukaambiwa majibu ya mambo ya kurithi yatachukua muda mrefu, ila kile kipimo cha CRP kinatoka mapema, wakiona kisicho cha kawaida watarudi.

Mpango wa mama ulikuwa Jumapili. Misa ya kumwombea baba. Alikuwa ameshaongea na katekista, ameshatununulia watoto wa kike na wajukuu vitenge vya kufanana. Alitaka aingie kanisani na sisi nyuma yake, mstari mzima. Alituambia mara nyingi tutakavyokaa. Fidelis kushoto kwake, mimi kulia, Resti na wajukuu nyuma yetu.

Jumamosi asubuhi Happy akarudi. Peke yake.

Alituita mmoja mmoja pembeni ya banda la kuku. Yangu ya chini kabisa, haina tatizo. Ya Resti hivyo hivyo. Ya Fidelis juu kidogo, akamwambia kitambi nacho kinachangia, apunguze. Halafu akamwita mama. Wakakaa huko muda mrefu. Mama alikwenda polepole akishika ukuta, tukasema uzee.

Aliporudi alikuwa anatabasamu.

"Haya, sikilizeni. Damu yangu imewazidi wote. Wote! Fidelis na tumbo lako lote hilo, nimekuacha mbali sana."

Wakuu, tulipiga makofi. Naapa tulipiga makofi. Fidelis akamnyanyua mama mkono kama bondia aliyeshinda, wajukuu wakashangilia "bibi, bibi, bibi".

Ila mimi nilikuwa namtazama Happy. Alikuwa amesimama njiani hajaondoka, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeleta ushindi. Nikamfuata.

Akaniuliza, "Dada, ni wewe wanayekusema mkali?"

"Ni mimi."

"Basi huo ukali wako utumie leo. Mama aende hospitali leo hii, asingoje kesho. Zaidi ya hapo siruhusiwi kusema, ni mambo yake, muulize mwenyewe."

Nikamwambia, lakini si labda ni za kurithi tu, kwamba kuna watu wana nyingi kwa asili? Alitikisa kichwa. Akasema kurithi kunaweza kumweka mtu juu kidogo ya mwenzake. Mwili wa kupanda kiasi kile ni mwili ulio vitani sasa hivi.

Injini ya familia yetu iko chini, hata ya Fidelis imepanda kidogo tu. Ya mama inaunguruma, na sisi tumetoka kuipigia makofi.

Nikarudi nikamwambia, mama twende hospitali.

"Jumatatu."

"Mama, nesi amesema leo."

"Na mimi nimesema Jumatatu. Kesho naenda kanisani na watoto wangu."

Nikapandisha sauti, akapandisha ya kwake. Nikawaambia wenzangu. Resti akaanza kulia kimyakimya nyuma ya jiko. Fidelis akasema mama akishasema Jumatatu ni Jumatatu, kwani siku mbili ni nini? Nikataka kumpiga na mwiko.

Nikaingia google. Wakuu, kosa kubwa. Nikaandika CRP kuwa juu sana, nikaletewa magonjwa ambayo mengine hata kuyatamka sijui. Nilifika kwenye neno saratani nikazima simu. Nilikaa kwenye gogo la kupasulia kuni nikimtazama mama yangu anavyochambua mchele na wajukuu, nikaona kama namtazama kwa mara ya mwisho. Nililia pale, mimi mkali.

Tatizo lilikuwa moja. Sisi ni watoto wake. Mama amekataa, utamfanya nini? Utambeba kwa nguvu? Utamfunua kanga umkague kama mtoto mchanga? Kwetu haiwezekani. Hata ningekuwa daktari, mkono ungekataa.

Ndipo nikamkumbuka Mjomba Kasiani.

Huyu ni mtoto wa mjomba wake mama, yaani binamu yake, na binamu ni mtani. Mnaotoka sehemu zenye utani mnanielewa. Mtani hana breki. Anaweza kuipua chungu chako jikoni akaondoka nacho. Anaweza kukuita nyani mbele ya padri. Siku ya msiba wako analala ndani ya kaburi, hatoki mpaka apewe chochote. Na wewe huruhusiwi kukasirika! Mama na Mjomba Kasiani tangu utoto wao hawajawahi kuongea sentensi mbili bila kutukanana kwa mapenzi.

Nikampigia. Nikamwambia mjomba, mama ana kitu mwilini, anatuficha, na sisi hatuna ubavu. Akasema, "Nakuja kumwona mke wangu."

Hazikupita dakika nyingi tukasikia kengele ya baiskeli na kelele kuanzia barabarani.

"Wapi huyo bibi kizee? Nasikia wamempima damu wamekuta togwa!"

Mama uso ukamchanua. "Wamekuta imekuzidi wewe, nyani."

"Na hizo soksi? Jua hili hata mbuzi wanagombania kivuli, wewe umevaa soksi. Unasafiri kwenda Ulaya bila kuniaga mumeo?"

"Za marehemu hizi. Niache nimkumbuke."

Mjomba akachuchumaa mbele yake, bado anacheka. "Marehemu shemeji yangu namjua. Miguu yake ilikuwa inanuka, mbinguni sijui wamemwekaje." Halafu akavuta pumzi puani. Kicheko kikaisha. "Lakini haikuwa inanuka hivi."

Akanyoosha mkono.

"Nipe mguu."

"Mtani, ondoka hapa."

"Nipe mguu, mke wangu. Mimi ndiye nitakayelala kwenye kaburi lako kudai changu. Nina haki ya kujua nalala lini."

Mama alitaka kucheka, haikutoka. Akatazama pembeni, kule kwenye mpunga. Mjomba akaushika mguu wa kulia, akaanza kuiteremsha soksi taratibu. Ilikuwa imegandia. Akaagiza maji ya vuguvugu, akawa anailowanisha huku anaivuta kidogokidogo, mzee mzima yule.

Ilipotoka Resti alipiga yowe. Mguu ulikuwa umevimba mpaka kifundo hakionekani, unang'aa. Kidole kidogo kilikuwa cheusi.

(Naona kuna mtu hapo chini ameshaandika "weka picha". Picha ya nini, ya usaha? Tuheshimiane.)

Mama akasema kwa sauti ndogo, "Ni ngogo tu."

Ngogo ni samaki wetu wa mtoni, mtamu, ila ana miba mikali mgongoni na mbavuni, ikikuchoma utamjua mama aliyekuzaa. Alikuwa anaosha samaki uani, mmoja akateleza kwenye beseni, yeye peku akamkanyaga. Hiyo ilikuwa wiki kadhaa nyuma! Akaweka majani, akaweka chumvi, akawa anameza vidonge vya maumivu kila siku. Vidonge ndivyo vilivyoficha homa Ijumaa.

Mjomba Kasiani alikuwa bado ameushika ule mguu mapajani mwake. Analia. Mtani wakuu, analia bila aibu.

Mama akamwambia, "Mtani, nitanie basi."

Hakuweza.

Fidelis ndiye aliyenyanyuka kwanza. Aliinama akambeba mama mikononi kama anavyobeba mfuko wa saruji, kitambi na vyote, akakimbia naye hadi barabarani kwenye bajaji. Mama huku juu anapiga kelele, "Vitenge! Mmevianika vitenge vya kesho?"

Hospitali walimwingiza moja kwa moja. Wakapasua, wakasafisha, wakakuta kipande cha mwiba bado kimo ndani. Daktari alikuja kutuona kwenye benchi. Alisema kidole kile hakikuokoka, wamekitoa, ila mguu upo. Nikamuuliza, na tungengoja hadi Jumatatu? Akanitazama, akasema tungekuwa tunaongea kuhusu goti, kama tungekuwa na bahati.

Fidelis, yule wa "siku mbili ni nini", alitoka nje akakaa chini kwenye mchanga.

Jumapili kanisani hatukwenda. Tulikuwa wodini, tumezunguka kitanda. Fidelis kushoto, mimi kulia, Resti na wajukuu miguuni, wamevaa vitenge vyao. Mama ndiye aliyetupanga. Alisali mwenyewe kwa ajili ya baba, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaitikia amina.

Baada ya hapo nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza, mama, kwa nini? Nilimuuliza kwa ukali, ndivyo nilivyo, woga wangu unatokea mdomoni.

Akasema, "Walitaka familia isiyoumwa. Ningetaja mguu wangetufuta, na Fidelis angekata tiketi arudi."

Fidelis akasema, "Sasa mama si ungetupigia tu, useme unaumwa? Tungekuja."

Mama akamtazama mwanae yule, kwa upole kabisa, hana hata chembe ya lawama. Akasema:

"Mwanangu, mimi nikisema naumwa mnatuma hela. Niliposema mnatakiwa, mlikuja."

Wakuu, naacha mstari hapa kwa heshima ya hiyo sentensi.

 

Ni kweli tupu. Homa yake ya mwaka jana tulituma hela, wote watatu, siku hiyo hiyo, na ya kutolea juu. Tukaona tumelea.

Familia ya Fidelis ilirudi Dodoma bila yeye. Alibaki mpaka mama alipoanza kukanyaga. Alikuwa anampeleka kusafisha kidonda kwa baiskeli ya Mjomba Kasiani, mama amekaa nyuma kama bibi harusi. Mjomba naye alirudiwa na ulimi wake, akawa anamwita "mke wangu wa vidole tisa", na mama anafurahi kuliko kitu chochote.

Happy alikuja kumtembelea. Mama akamwomba radhi, akauliza kwa woga kama familia imefutwa. Happy akacheka hadi akashika kiuno. Kumbe hata angesema siku ile wasingetufuta! Wangemweka yeye tu pembeni, wangempeleka atibiwe, akipona wangempima. Sisi tungeendelea kama kawaida. Mama alikaa anaitafakari hiyo habari, halafu akasema, "Sasa mngesema mapema." Kwa mama kosa lilikuwa la Happy.

Kidonda kilipofunga kabisa walimpima tena. Safari hii majibu tuliyasikia wote, mama mwenyewe alitaka hivyo, simu imewekwa spika. Imeshuka. Juu kidogo yetu kwa sababu ya umri, lakini chini, palepale kwenye mngurumo wa nyumba yetu. Happy akasema, "Sasa mnafanana."

Mama hakufurahi sana. "Kumbe nilikuwa nawazidi kwa usaha." Halafu akaongeza, na hili lilimtoka taratibu, "Basi ni damu yangu hiyo mnayo. Mimi ndiye niliyewapa hiyo ya chini."

Nikamwambia ndiyo mama, labda wewe, labda baba, wataalamu bado wanachambua. Akasema wachambue wakimaliza watamkuta ameshajua.

Nilichojifunza mimi? Kwamba mwili hauna adabu zetu. Ukiulizwa na kipimo u mzima, haujibu namshukuru Mungu. Na kwamba mama zetu wanatusalimia tu, hawajatujibu. Salamu ni salamu, iacheni ipite, halafu muulize tena.

Sisi watatu sasa tuna utaratibu. Ukipiga simu kwa mama, unaamkia, anaitika, anasema mzima, unamwacha amalize. Kisha unamwambia, "Haya, sasa soksi." Anajua maana yake. Mwanzoni alikuwa anacheka anakwepa. Siku hizi anavuta pumzi, anajibu.

Jana jioni nimempigia. Shikamoo, marahaba, mzima, namshukuru Mungu. Nikasema, haya mama, soksi.

Akavuta pumzi.

"Goti linaniuma tangu jana. Si sana. Na nyumba imekuwa kimya."

Nikaweka ujumbe kwenye group letu la watatu. Resti akasema anatoka Kidatu kesho alfajiri. Fidelis hakujibu mpaka leo mchana. Nikakasirika, nikaanza kumwandikia maneno yangu yale ya ukoo wa Mahenge, na sijamaliza picha ikaingia. Dirisha la basi, vumbi, nyani wamekaa kando ya lami.

Chini ameandika, "Nimefika Mikumi. Mwambieni asipike, nakuja na kuku."

Mimi nafunga duka sasa hivi, kwa hiyo nitawasoma nikiwa Katindiuka. Wakuu mlio na mama, mpigieni kabla hamjakoment. Akisema mzima msikate, ulizeni mara ya pili, halafu mje hapa mniambie alijibu nini.